Naombeni ushauri: nitawashawishije wanakijiji walipie maji kwa ndoo wakati hawaiamini kamati?

Mtunza Hazina wa Maji (mleta mada)

Wanajukwaa, salaam. Mimi ni mtunza hazina wa chombo cha watumia maji katika kijiji chetu, na nimepewa kazi ya kuwasilisha mbele ya mkutano mkuu wa kijiji pendekezo la kubadili utaratibu wa kulipia maji. Hadi sasa kila kaya hutoa mchango wa shilingi 2,000 kwa mwezi, ichote ndoo mbili au ndoo ishirini, na wengi wameacha kutoa. Kamati inapendekeza kila ndoo ya lita 20 ilipiwe shilingi 40 pale pale kituoni, ili fedha za matengenezo ya pampu ya sola ziwepo kabla pampu haijaharibika tena.

Sijazoea kuzungumza mbele ya umati, na mkutano wetu hufanyika uwanjani bila kipaza sauti. Lakini lililo zito zaidi ni kwamba kamati iliyotutangulia iliondoka bila kusoma mapato na matumizi, na mpaka leo watu wanauliza fedha zile zilikwenda wapi. Hotuba niliyoiandika inaanza na itifaki, inafuata historia ya mradi, kisha Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 ambayo vyombo kama chetu vinaifuata, kisha gharama kwa uniti, na bei inatajwa mwishoni watu wakiwa wameshaelewa kila kitu. Naomba mnisaidie kuipima kabla sijasimama.

Msema Kweli wa Bondeni

Dada, mpangilio huo utakuangusha kabla hujafika kwenye bei. Habari za kulipia kwa ndoo bila shaka zimekwisha kuzunguka kijijini, kwa hiyo yote utakayoyatanguliza watu watayasikia kama maneno ya mtu anayeficha jambo. Itaje bei mapema, na uitaje kwa ndoo. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50. Ukisema shilingi 2,000 kwa uniti utakuwa umesema jambo lile lile kwa kipimo ambacho hakuna anayekibeba kichwani. Kisha fanya mbele yao hesabu ambayo wataifanya wenyewe: kaya inayochota ndoo sita kwa siku italipa shilingi 240, ambazo kwa siku 30 ni shilingi 7,200, zaidi ya mara tatu ya mchango wa sasa. Usipoisema wewe, atasimama mtu kutoka nyuma aiseme, na kuanzia hapo mkutano utakuwa wake.

Katibu wa Ushirika

Nakubaliana na hoja ya ndoo, ila sikubaliani na wanaodhani itifaki ni upotevu wa muda. Ukiruka salamu za mwenyekiti wa kijiji, mtendaji, wenyeviti wa vitongoji na wazee, watakaokasirika ndio hao hao ambao wengine watawatazama nyuso zao wakati wa kuamua. Salimia kwa ukamilifu lakini kwa pumzi moja, kisha ingia kwenye jambo. Historia ya mradi iache kabisa, kwa kuwa waliochimba mtaro wamekaa mbele yako na wanaijua kuliko wewe. Sheria nayo itoshe sentensi moja. Mwombe pia mwenyekiti ajenda yako isiangukie kwenye mengineyo, maana kufikia hapo jua limekuwa kali na nusu ya watu wamekwenda kupika.

Mpenda Historia

Naomba niongeze mfano. Tarehe 2 Novemba 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuivamia Kagera, Mwalimu Nyerere alizungumza na wazee wa Dar es Salaam katika ukumbi wa Diamond Jubilee. Angeweza kueleza mengi kuhusu mipaka na diplomasia, na kwa kiasi fulani alieleza, lakini kilichobaki vinywani mwa watu hadi leo ni kazi moja, kumpiga adui, na vitu vitatu vya kuifanyia kazi hiyo: uwezo, sababu na nia. Kila kimoja kilikaa katika sentensi fupi yenye umbo lile lile, kiasi kwamba msikilizaji aliposikia ya pili alikuwa tayari kuipokea ya tatu. Dada naye atafute mambo matatu tu ambayo mtu anaweza kuyarudia akifika nyumbani, na mengine yote ayaache kwenye makaratasi.

Mwalimu Mstaafu

Mfano ni mzuri, lakini usichukuliwe nusu. Wazee wale walikuwa wakimsikiliza mtu waliyemfahamu na kumwamini tangu enzi za kudai uhuru, na hakuna aliyekuwa akijiuliza kama anasema kweli. Mwanangu hapa anasimama mahali ambapo shaka imetangulia. Tangu karne ya 4 kabla ya Kristo, Aristotle alifundisha kwamba mtu hushawishika kwa njia tatu: kwa sifa ya anayesema, kwa hali ya moyo ya anayesikiliza, na kwa hoja yenyewe, naye aliipa sifa ya msemaji uzito mkubwa, hasa pale ambapo jambo halina uhakika kamili. Ninyi nyote mnampangia hoja. Mimi namwambia kwamba hoja yake haitasikika mpaka swali la fedha za zamani lijibiwe, hata kama jibu lenyewe ni kwamba kumbukumbu hazikupatikana.

Kwa hiyo, mwanangu, baada ya salamu anza hapo. Sema kwa sauti ile ile ya kawaida mlichokikuta kwenye akaunti siku ya makabidhiano, na kile ambacho hamkukikuta. Eleza fedha sasa zinawekwa wapi, nani wanatia saini, na waonyeshe daftari lenyewe mkononi. Kama mko tayari kubandika mapato na matumizi kwenye ukuta wa kila kituo cha kuchotea maji kila mwezi, liseme hilo kabla ya bei, tena ubandike karatasi ya kwanza siku kadhaa kabla ya mkutano, ili ahadi yako iwe imeanza kutimia kabla hujaitoa.

Mtunza Hazina wa Maji (mleta mada)

Shikamoo Mwalimu. Nawashukuru nyote. Nimeifuta historia, na karatasi ya kwanza ya mapato na matumizi tutaibandika wiki hii. Yapo mawili bado yananisumbua. Baadhi ya wajumbe wa kamati ya zamani watakuwepo, na mmoja ni baba yangu mdogo. Pia, wakati pampu ilipokufa tulikuwa tukinunua ndoo kwa shilingi 500 kutoka kwa wauza maji wa baiskeli. Je, nitumie jambo hilo, au nitaonekana ninawatisha?

Mwalimu Mstaafu

Marahaba mwanangu. Usimtaje mtu, na usitumie maneno kama wizi au ubadhirifu, kwa kuwa huna ushahidi nayo na si kazi yako kuhukumu. Taja karatasi: zipo hizi, hazipo hizi. Mtu akikushinikiza utaje majina, mwambie kwamba swali hilo ni la mkutano na halmashauri ya kijiji, halafu urudi kwenye daftari lako. Baba yako mdogo mwendee nyumbani kabla, umweleze utakachosema, asije akakisikia kwa mara ya kwanza mbele ya watu.

Msema Kweli wa Bondeni

Zile shilingi 500 zitumie, lakini zisitoke kinywani mwako. Muombe mwenyekiti awape kina mama nafasi ya kwanza ya kuchangia, kwa sababu wao ndio wachotaji, na mmoja wao atalisema lenyewe. Likitoka kwako ni kitisho. Likitoka kwake ni kumbukumbu ya wote. Wewe uwe na jibu la swali litakalofuata, nalo ni la wazee wanaoishi peke yao na kaya zisizo na uwezo kabisa. Msipokuwa na utaratibu wa kuwasamehe, hata mwenye uwezo atajificha nyuma yao kukataa.

Katibu wa Ushirika

Kuhusu sauti: simama upande ambao upepo unatoka, na watu walipe jua mgongo, wewe ndiwe ulitazame. Mtazame aliye mbali zaidi na uzungumze naye, kisha nyamaza kidogo baada ya kila tarakimu ili waliokaa mbele wawapokezee wa nyuma. Usisome karatasi, shika daftari tu.

Mwishoni omba uamuzi mmoja unaoweza kuhesabiwa kwa mikono. Ukisema mlipokee pendekezo, watapiga makofi na hakuna kitakachobadilika. Sema: tuanze kulipa shilingi 40 kwa ndoo kuanzia tarehe fulani, kwa majaribio ya miezi mitatu, na mkutano mkuu unaofuata usomewe hesabu ndipo uamue kuendelea au kuacha. Mikutano mikuu hutakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, kwa hiyo muda huo unajitosheleza. Hakikisha mtendaji ameandika kwenye muhtasari bei, tarehe, idadi ya waliokubali na waliokataa, na kaya zilizosamehewa, na aisome kwa sauti kabla watu hawajatawanyika.