Fyuzi gani kwa amplifaya ya valvu za EL84?

Wakuu, amplifaya ya zamani, EL84 mbili na valvu ya rektifaya EZ81 (inayogeuza umeme wa AC kuwa DC), umeme wa volti 240. Ndani kuna fyuzi iliyoviringishwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara! Maandishi ya kiwandani yamefutika. Niweke ya ngapi?

— Tupa hiyo leo leo. Mashine hiyo hula kama wati 80; gawa kwa 240, ni ampea 0.33. Zidisha karibu mara mbili: T630mA (ampea 0.63), volti 250. Herufi T ndiyo yenye kazi, maana yake fyuzi inayochelewa. Ukiweka F (ya kukatika haraka) inaweza kukatika ukiwasha, kwa sababu nyuzi za valvu zikiwa baridi huvuta umeme mwingi mno.

— Sawa, ila EZ81 ikipiga shoti, fyuzi hiyo huenda isikatike upesi na transfoma ikaungua. Ongeza T250mA kwenye waya wa katikati wa koili ya volti kubwa ya transfoma, kabla haujafika chesisi. Fyuzi ya ampea 13 kwenye plagi? Weka ya ampea 3.

— Kabla ya yote, chomoa valvu zote, unga balbu ya nyuzi ya wati 60 mfululizo na laini. Ikiwaka kwa nguvu, tatizo ni transfoma au waya, si fyuzi.