Tocqueville: kabaila aliyeandika historia ya mapinduzi yaliyowaua jamaa zake

Msomaji wa Usiku:
Wanajukwaa, salamu. Ninasoma maisha ya Alexis de Tocqueville, mwandishi na mwanasiasa wa Ufaransa aliyezaliwa Paris mwaka 1805 katika ukoo wa makabaila wa Normandie, na kuna jambo linanitatiza. Babu wa mama yake, Malesherbes, alimtetea Mfalme Louis wa 16 kesini, naye akakatwa kichwa mwaka 1794 pamoja na baadhi ya jamaa zake. Wazazi wa Alexis walikuwa gerezani wakingoja zamu yao, wakaponea chupuchupu Robespierre, kiongozi wa wanamapinduzi, alipoanguka. Mtu aliyelelewa katika nyumba yenye msiba kama huo aliwezaje kuandika juu ya Mapinduzi ya Ufaransa bila kulipiza kisasi?

Mchimba Nyaraka:
Ndugu, nadhani jibu limo katika namna alivyofanya kazi. Louis-Napoléon, rais wa Ufaransa, alipopindua bunge mnamo Desemba 1851, Tocqueville alikamatwa pamoja na wabunge wenzake, na siasa yake ikaishia hapo. Miaka miwili baadaye alihamia karibu na Tours, akajifungia na majalada ya wawakilishi wa mfalme waliolisimamia jimbo hilo kabla ya Mapinduzi ya 1789. Humo aliona kwamba kijiji ambacho paa la kanisa lake limeezuliwa na upepo hakikuruhusiwa kulitengeneza mpaka baraza la mfalme kule juu litoe idhini. Kwa hiyo, katika kitabu alichokitoa mwaka 1856, alidai kwamba ile serikali iliyokusanya mamlaka yote Paris, ambayo watu waliihesabu kuwa zao la Mapinduzi, ilijengwa na wafalme wenyewe, huku makabaila wakibaki na misamaha ya kodi bila kazi yoyote ya kuihalalisha. Hapo aliwashtaki watu wa tabaka lake, na ushahidi aliutoa katika karatasi za utawala uleule waliokuwa wakiulilia.

Mzee wa Hoja:
Nakubaliana na mchangiaji aliyetangulia, ila tusimvike kilemba cha ukoka. Huyuhuyu aliyeandika ripoti ya bunge ya mwaka 1839 akitaka watumwa wa makoloni ya Ufaransa waachwe huru ndiye aliyeunga mkono kutekwa kwa Algeria, nchi aliyoizuru mwaka 1841 na tena 1846. Haki aliyoipima kwa uangalifu nyumbani aliipima kwa kibaba kingine ng'ambo ya bahari.

Mchimba Nyaraka:
Hilo silipingi. Lakini tazama siku ya uchaguzi wa Aprili 1848, wanaume wote wa Ufaransa walipopewa kura, kama alivyoisimulia katika kumbukumbu zake zilizochapwa mwaka 1893, muda mrefu baada ya kifo chake. Wanakijiji wa Tocqueville, kijiji chenye jina la ukoo wake, walijipanga safu mbili kwa kufuata alfabeti, wakaenda kwa miguu kupiga kura Saint-Pierre, na yeye, bwana wa kasri, akatembea nao katika nafasi ambayo jina lake lilimpa.

Msomaji wa Usiku:
Asanteni. Nimeirudia sehemu hiyo, na nimeona kwamba sababu anaitaja mwenyewe bila kuficha: zama za demokrasia, anayetaka kuwa mbele ya watu hungoja wamweke wao. Karibu wote walimpigia kura.