Mwaka uliochongwa juu ya mlango wa karakana yetu

Mjukuu wa Fundi, Malindi (mtaa wa Unguja):
Asalaam aleikum. Familia yetu inachonga milango ya nakshi hapa Unguja tangu enzi za baba wa babu yangu, nami ningependa kuiandika historia ya kazi hiyo kabla wazee waliobaki hawajatutoka. Daftari la wateja liliozeshwa na mvua; kilichosalia ni bobari moja, yaani patasi ya kuchongea mifereji, yenye mpini uliolika, na mlango wa karakana wenyewe, ambao kizingiti chake cha juu kina mwaka kwa tarakimu za Kiarabu. Ami yangu anausoma 1325, mimi naona 1335. Je, tushike upi, na ndio mwaka kazi yetu ilipoanza?

Mzee wa Mkunazini:
Waaleikum salaam, mwanangu. Mbili na tatu za Kiarabu hutofautiana kwa jino moja tu kichwani, na jino hilo huzibwa upesi na rangi. Usikwangue kwa kisu. Weka karatasi nyembamba juu yake, usugue kwa ubavu wa penseli. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa Miladi kwa siku kama 11, kwa hiyo uzidishe kwa 0.97, kisha ujumlishe 622: 1325 unaanzia mapema 1907, na 1335 mwishoni mwa 1916.

Fundi wa Nakshi:
Naomba uangalie zaidi ya mwaka, kwa sababu milango huhama, na kizingiti cha nyumba iliyobomoka huweza kuwekwa juu ya miimo, yaani nguzo za kando za mlango, ya nyumba nyingine. Chukua ile bobari, uilaze taratibu katika mfereji wa ua la yungiyungi. Ikikaa bila kucheza, ua hilo huenda limechongwa nayo. Tena, katika karakana niliyolelewa mimi, mwanafunzi alianzia nakshi ya mnyororo wa pembeni, na maandishi aliachiwa fundi aliyekwisha kuaminiwa, kwani herufi ikimeguka hairudi. Kwa hiyo kazi yenu naamini ni kongwe kuliko mwaka huo.

Mjukuu wa Fundi:
Ahsanteni sana, wazee wangu. Jino limetokea, ni 1335. Bobari imekaa sawasawa kwenye kizingiti na mwimo wa kulia, lakini mifereji ya mwimo wa kushoto ni myembamba mno kwake. Ami alinyamaza kwa muda, kisha akamtaja ndugu wa fundi wetu aliyehamia Pemba, ambaye sikuwahi kumsikia katika hadithi zote za karakana. Mlioko Wete na Chake Chake, mkiona yungiyungi lenye mfereji mwembamba namna hii, naomba sana picha yake.