Patografu iliyojazwa baada ya mtoto kuzaliwa: muuguzi hajui, au hajitumi?

Mleta mada (Moshi)
Wakuu, kila utendaji wa wauguzi ukishuka, jibu ni semina. Napinga. Kabla ya kumpeleka mtu semina, soma patografu zake za mwezi huu, zile karatasi za kufuatilia uchungu wa mama na hali ya mtoto hadi kujifungua. Aliyepungukiwa umahiri utamjua: alama ya X ya kwanza ya kufunguka kwa mlango wa kizazi haikuanzia kwenye mstari wa tahadhari uliochapwa kwenye karatasi, au mapigo ya moyo wa mtoto yameshuka hadi 100 na hakuna hatua iliyoandikwa. Huyo afundishwe. Lakini ukikuta karatasi safi, nukta zote za mapigo ya mtoto kati ya 130 na 140, wino na mwandiko vilevile kuanzia saa 2 usiku hadi saa 10 alfajiri, huyo kazi anaijua. Amejaza kwa mkupuo mtoto akiwa ameshazaliwa. Semina haitambadilisha. Anahitaji msimamizi anayepita katikati ya zamu na kusaini karatasi, akiandika na saa.

Mchangiaji (Arusha)
Mkuu, hapo umewaonea. Tupige hesabu. Mapigo ya mtoto yanasikilizwa kila nusu saa, na uchungu unahesabiwa kwa dakika 10, mkono ukiwa tumboni, kila nusu saa vilevile. Mama mmoja anachukua dakika 20 katika kila saa. Mkunga aliye peke yake usiku na akina mama 4 ambao uchungu umekolea anadaiwa dakika 80 ndani ya saa moja. Hapo hajazalisha bado, hajamchoma mama oksitosini yuniti 10, sindano ya kuzuia damu nyingi, ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka, wala hajamsaidia kwa ambu (mfuko wa kupulizia hewa) mtoto asiyepumua. Kujituma hakuongezi dakika.

Mleta mada (Moshi)
Hesabu naikubali. Ila asichopima aache wazi. Mama akipewa rufaa kutoka Rombo kuja hospitali za huku Moshi, Mawenzi au KCMC, anayempokea anaisoma karatasi ile. Nafasi wazi inamwambia hakuna aliyepima. Nukta ya kubuni inamwambia mtoto alikuwa salama, kumbe hakuna aliyemsikiliza. Na mkaguzi anayehesabu karatasi zilizojaa tu ndiye anayewafundisha watu kubuni.

Mchangiaji wa tatu (Moshi)
Ndugu zangu, msiusahau umahiri. Lita 1 ya dripu kwa saa 8, seti (mrija wa dripu) ya matone 20 kwa mililita: 1000 × 20 ÷ dakika 480, karibu matone 42 kwa dakika. Stoo ikileta seti ya matone 15, inatakiwa 31. Muuguzi mwenye moyo wa dhahabu aliyezoea 42 ataimaliza lita hiyo kwa saa 6, na kwa mgonjwa wa moyo au figo hiyo ni hatari kubwa. Dawa yake ni dakika 10 wakati wa kukabidhiana zamu: dripu ileile iliyotundikwa, someni kifungashio cha seti, kila mtu apige hesabu. Inafundisha kuliko siku 3 za ukumbini kutafuta pointi za kuhuisha leseni.

Mchangiaji (Arusha)
Hilo naliunga mkono, linaweza kuanza hata kesho. Langu linabaki kwa matroni: zamu ya usiku ipangwe kwa idadi ya akina mama ambao uchungu umekolea, si kwa idadi ya vitanda. Mkunga mmoja, akina mama 2. Wa tatu akifika, aitwe mkunga wa akiba, na jina lake liwe limeandikwa ubaoni tangu jioni.