Naomba ushauri: fremu zinaanguka mapambano yakipamba moto

Wakuu, nisaidieni. Nacheza Counter-Strike 2, mchezo wa kurushiana risasi mtandaoni, kwenye kompyuta ya mezani. Nikifanya mazoezi peke yangu napata fremu (picha zinazofuatana kwenye skrini) zaidi ya 140 kwa sekunde, lakini mechi ya watu 10 ikianza, moshi ukitupwa na risasi zikirindima, zinashuka hadi 60 na picha inakwamakwama. Napigwa kabla sijalenga, na inaniuma maana wenzangu wananitegemea.

Nimeshusha rezolusheni (ukali wa picha) kutoka 1080 hadi 720 ili kuipunguzia kadi ya picha kazi, hakuna kilichobadilika, kwa hiyo nashuku prosesa kuliko kadi hiyo. Joto liko sawa. Ramu (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ni GB 16, ila kijiti kimoja tu. Je, nikiweka viwili vya GB 8 vifanye kazi sambamba nitaona tofauti, au nibadilishe prosesa moja kwa moja?