Naomba ushauri, nyumba za Muyenga zimekwama na wenye nyumba hawataki kushusha bei

Habari zenu ndugu zangu, mimi ni dalali hapa Kampala, upande wa Muyenga na Bugolobi, nyumba zangu nyingi ni zile za kupangisha kwa dola. Wateja wangu wakubwa walikuwa watu wa mashirika ya misaada, sasa tangu Marekani ifunge USAID, shirika lake la misaada, mwaka 2025 wengi wamepoteza kazi au wamerudi kwao na nyumba zimebaki wazi. Kuna moja ya vyumba vinne nimeenda kuifungua juzi, aisee, majani yamefika magotini, bomba la jikoni limeshika kutu na askari wa getini ananiuliza mimi mshahara wake.

Shida yangu kubwa ni mwenye nyumba. Huyu mzee ana mkopo benki, na kila nikimwambia mzee wangu tushushe kidogo au tukubali shilingi anasema nataka kumuuza kwa wapangaji. Mimi naona nyumba ikikaa tupu miezi minane hasara yake ni kubwa kuliko hiyo punguzo, lakini nikisisitiza sana atampa dalali mwingine ambaye atamdanganya bei ipo tu. Na mimi bila mpangaji sina kamisheni, ada ya watoto inanisubiri.

Waliowahi kupitia hali hii, mliongeaje na wenye nyumba mpaka wakaelewa? Na je, kuigawa iwe apatimenti mbili ndogo inalipa kweli, au nitamuingiza mzee kwenye gharama bure?