Tupeane uzoefu: simu imekufikisha wapi hapa Tanga, kwa raha na kwa machungu?

Wakala Ngamiani
Assalam alaykum wana Tanga mliopo na mlio mbali. Leo nimesogeza kabati la kibanda nifagie nyuma yake nikalikuta daftari langu la kwanza la uwakala wa pesa za simu, limeliwa na mende pembeni lakini maandishi bado yapo. KUTOA 20,000, saini. KUWEKA 5,000, saini. Mzee mmoja hajui kuandika kaweka dole gumba. Nikakaa juu ya ndoo nikalisoma mpaka mteja akanigongea dirisha. Siku hizo watu walikuwa wakija na bahasha mkononi, walitaka kumpa kondakta wa basi la Dar kama walivyozoea, mie nawaambia weka kwenye simu itafika sasa hivi, wananiuliza mwanangu hii hela ikipotelea hewani namdai nani? Swali lile nilikuwa nalijibu haraka haraka wakati ule, leo nimelisoma dole gumba la yule mzee nikaona sikuwahi kulijibu vizuri. Basi tupeane uzoefu, kila mtu alichokiona.

Babu Mkonge
Waalaykum salaam. Nakumbuka sana, M-Pesa ilipoanza 2007 tulidhani ni upatu.

Wakala Ngamiani
Babu 2007 ni Kenya, kwetu ilikuja 2008.

Babu Mkonge
Mie nilikuwa nafanya kazi mashamba ya mkonge huko Horohoro mpakani, laini ya Kenya ilikuwa ndani ya mfuko wangu, usinifundishe.

Msambaa Mjini
Sasa babu si ndo umethibitisha alichosema? Laini ilikuwa ya Kenya. Tuendelee jamani.

Mvuvi wa Sahare
Kwetu sie wa baharini simu imetukomboa na mwenye kubisha aje soko la samaki la Deep Sea alfajiri aone. Zamani unatoka bahari kuu na nguru wako kumi na mbili, umechoka, umelowa, dalali anakukuta ufukweni anakutajia bei na wewe huna pa kwenda nao maana jua linapanda na barafu huna. Sasa tukirudi, tukikaribia kisiwa cha Toten mtandao unaanza kushika, mtu mmoja anashika usukani mwingine anapiga picha samaki kwenye sakafu ya boti, zinaruka kwenye grupu la mama ntilie na wenye mahoteli, tukifika nchi kavu nusu wana wenyewe. Ila msiniambie ni rahisi kila siku. Mei 2024, Jumapili ile tarehe 12, kebo za intaneti za chini ya bahari ziliharibika nchi nzima ikashikwa, nilikuwa na kolekole wa kutosha na picha zinazunguka kale kaduara hazendi. Bahati simu za kawaida zilikuwa zinapigika, nikakaa juu ya ubao nawapigia wateja mmoja mmoja namuelezea samaki kwa mdomo, ana urefu wa mkono wangu, jicho lake linang'aa, shavu jekundu, bado anateleza. Walinunua kwa kuniamini tu. Nilimaliza kabla ya adhuhuri.

Mama Mishi
Kweli kabisa, mie nilikuwa mmoja wa waliopigiwa 🙏

Fundi Makorora
Mmeniamsha. Mie ni fundi cherehani mwaka wa kumi na tisa huu. Zamani mteja anakuja na gazeti au picha ya harusi ya jirani, nashona. Mwaka huu kaja binti na simu, fundi nataka hili la send-off, nikaangalia, gauni zuri mashallah mpaka roho ikaruka. Nikalikuza kwa vidole viwili. Marinda ya kushoto yanaingia kwapani hayatokei popote. Zipu inaanzia katikati ya mgongo inaishia kwenye kitambaa kizima. Bega moja lina lesi, la pili ukilifuata lesi inageuka shanga. Nikamuuliza nani kalishona hili, akasema hajalishona mtu, ameiambia akili mnemba imtengenezee. Nikamwambia mwanangu, gauni hili halina mlango wa kuingilia. Akakasirika, akaniona mzee nisiyetaka kwenda na wakati. Nikachukua chaki nikamchorea kwenye gazeti, hapa patakatwa, hapa patashonwa, hapa utaingiza mkono, tukakaa kutoka adhuhuri mpaka alasiri inaadhiniwa. Tukatoa gauni la kweli kutoka kwenye lile la ndoto. Sasa wanakuja wengi na picha hizo na nimeanza kudai pesa ya kuchora mbali na pesa ya kushona, maana ile kazi ya kuchora ni kazi.

Kijana Chumbageni
Bibi fundi hapo umefanya jambo kubwa, watu wanadhani mashine imekula kazi yako kumbe imekuongezea nyingine. Mie mwenyewe nimepata riziki humo humo, kuna kampuni ilikuwa inalipa vijana wasome sentensi za Kiswahili kwenye simu ili mashine zijifunze kutusikia. Nasoma chumbani nimejifunika blanketi kuzuia kelele za bajaji. Tatizo kila nikisema kwa lafudhi ya nyumbani nakataliwa, inataka niseme kama mtangazaji. Niliumia, maana bibi yangu hawezi kusema kama mtangazaji, sasa mashine hiyo itamsikiaje yeye?

Mama Mishi
Hilo la bibi limenigusa.

Zuu wa Visheti
Nilikuwa nasoma tu sikutaka kuandika lakini hilo swali la Wakala, hela ikipotea namdai nani, limenitoa machozi maana kwangu liligeuka, nilikuwa mie ndo nadaiwa na sijui nani ananidai.

Nauza visheti, kashata na kaimati kwa oda, napost WhatsApp, nafunga natuma mpaka Dar kwa basi. Nikapata oda ya harusi, kubwa kuliko zote nilizowahi kupata, unga na sukari na mafuta vilihitaji kama laki na mie mkononi nina elfu ishirini. Mwenye harusi kasema malipo baada ya mzigo. Nikaona tangazo, mkopo dakika tano bila dhamana. Nikapakua aplikesheni, ikaniuliza iruhusiwe kuona majina kwenye simu nikakubali, iruhusiwe picha nikakubali, piga selfi umeshika kitambulisho nikapiga. Nikaomba 100,000. Ikaingia 72,000, nyingine eti ada. Baada ya siku saba nirudishe 110,000. Nilishajua nimekosea pale pale lakini unga ulikuwa dukani na harusi ni Jumamosi.

Mwenye harusi akachelewesha pesa. Siku ya sita nikaanza kupigiwa saa kumi na mbili asubuhi, namba hii, namba ile, mwanamke, mwanamme, wanatukana. Nikaingia aplikesheni ya pili kulipa ya kwanza. Kisha ya tatu kulipa ya pili. Mwisho zilikuwa nne, laki moja imekuwa deni linalokaribia laki sita na mimi sijanunua hata kanga.

Halafu ikaja siku ya arobaini ya shangazi yake mume wangu, Muheza. Tumekaa uani wanawake kwenye mkeka tunamenya vitunguu, kama kumi na tano hivi. Simu ya wifi ikalia mlio wa meseji. Akasoma. Ikalia ya mama mdogo. Ikalia ya jirani. Zinalia moja baada ya nyingine kama zimepangwa, na kila anayesoma anainua macho ananiangalia halafu anayashusha. Visu vikasimama. Mie sijui kuna nini, nikachukua simu ya wifi mkononi mwake, nikaona picha yangu ile ya selfi na kitambulisho, chini imeandikwa huyu ni tapeli ametoroka na fedha na wewe umeandikwa mdhamini wake. Walimtumia kila mtu aliyekuwa kwenye simu yangu. Ustadhi wa madrasa ya mwanangu. Fundi bomba niliyempigia mara moja tu. Wateja wangu wote.

Mama mkwe hana simu ya picha, alikuwa hajui chochote, ila aliona visu vimesimama. Akaniambia mwanangu njoo unishike mkono nikatie udhu. Nikamshika, tukaenda nyuma ya choo, sikuweza kusema, nililia tu. Hakuniuliza ni ngapi wala kwa nini. Akafungua pindo la kanga yake akatoa 40,000 imekunjwa mpaka imekuwa kama kidonge, akanifunga kiganja. Akasema tukirudi pale ukae karibu yangu.

Mpaka leo namba ngeni ikiita mikono inatetemeka siwezi kupokea. Na oda nyingi huja kwa namba ngeni.

Mama Mishi
Ya Rabi. Zuu mdogo wangu pole sana sana.

Mvuvi wa Sahare
Nimeshindwa kuendelea kusoma pale visu vilipoacha kumenya.

Msambaa Mjini
Pole dada, lakini tuseme ukweli, mkopo wa siku saba mtu mzima unaingiaje? Na riba ni haramu, hilo tusilifiche.

Fundi Makorora
Hapo ndo umeona pa kusemea? Mtu anakuonyesha kidonda wewe unamuuliza alitembeaje.

Msambaa Mjini
Sijamtukana mama, nasema ili na wengine wajifunze. Mdogo wangu mimi aliingia humo na sasa hayupo mjini hapa, kahama, na nyumbani hatujui aliko. Kwa hiyo ninaposema nasema kwa uchungu.

Fundi Makorora
Basi samahani mwanangu. Kumbe na wewe una lako.

Babu Mkonge
Zuu vunja laini, nunua nyingine, maisha mapya.

Kijana Chumbageni
Babu kuvunja laini hakumsaidii, majina na picha wameshayachukua, na wateja wake wanamjua kwa namba hiyo. Da Zuu ingia kwenye settings za simu uzime ruhusa zote ulizowapa kisha ndo ufute aplikesheni. Na zile meseji usizifute, piga skrinshoti zote, ni ushahidi. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kumtangaza mtu kwa majina yaliyochotwa kwenye simu yake siyo ruhusa tu kwa sababu alibonyeza nakubali.

Mama Mishi
Mie nasema alipe tu aondokane nao, heshima haina bei.

Wakala Ngamiani
Mama Mishi hapana. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya aplikesheni 69 za mikopo zisizo na leseni ikatangaza hazina ruhusa. Zuu tafuta majina ya hizo nne kwenye orodha kwanza kabla hujatoa hata shilingi.

Zuu wa Visheti
Kaka nilitafuta. Mbili zilikuwemo. Lakini wakati orodha inatoka mie nilishamaliza kuzilipa zote, niliuza friji.

Wakala Ngamiani
😔

Mama Mishi
Friji na biashara yenyewe ya vyakula.

Bibi wa Pongwe
Mie kwangu walikuja kwa njia nyingine, ile meseji ya "ile hela nitumie kwenye namba hii". Siku hiyo kweli nilikuwa nimeahidi kumtumia mwanangu hela ya kodi, ikaingia meseji dakika hiyo hiyo, nikatuma. Mwanangu kapiga jioni mama mbona kimya.

Kijana Chumbageni
Bibi meseji kama hiyo usiijibu, ipeleke 15040 bure. Na wote humu pigeni *106# muone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chenu, mie nilikuta moja siijui.

Msambaa Mjini
Nimepiga sasa hivi, ziko mbili na zote zangu alhamdulillah.

Bibi wa Pongwe
Mie nimewekeana neno la siri na wanangu. Ukitaka hela sema kwanza jina la mbuzi wetu wa zamani. Hilo hakuna tapeli analijua.

Mvuvi wa Sahare
Bibi hiyo ni benki kubwa kuliko zote, naiga leo leo.

Babu Mkonge
Mie bado nasema hela kaa nayo mkononi. Tozo za miamala ya simu zilipoingia Julai 2021 nani hakurudi kwenye bahasha na kondakta?

Wakala Ngamiani
Kweli babu, wiki zile nilikuwa nafungua kibanda nakaa na redio. Septemba zikapunguzwa kwa asilimia 30 watu wakaanza kurudi kidogo kidogo. Lakini bahasha nazo zilipotea nyingi, tusisahau. Kuna mama alikuwa anamtumia mwanawe ada ya shule Korogwe, bahasha ilifika imefunguliwa. Na ile yenye dole gumba kwenye daftari ndo yake yeye na mumewe, muamala wao wa kwanza, na ilifika kamili.

Fundi Makorora
Zuu bado unapika?

Zuu wa Visheti
Napika mama, kidogo kidogo, kwa waliobaki. Kaimati sifanyi kwa sasa, visheti na kashata tu kwa kuwa vinakaa bila friji.

Fundi Makorora
Jumapili nina wageni wa posa ya mjukuu. Nataka visheti kilo mbili na kashata ya nazi kilo moja. Natanguliza pesa nusu kabla hujawasha moto, na ndivyo uwaambie wengine wote wenye harusi, nusu kabla ya unga.

Mvuvi wa Sahare
Na mie kilo moja ya visheti, nitakuletea na changu wawili.

Zuu wa Visheti
Mama ahsante, kaka ahsante, nashindwa kuandika vizuri. Mama nitumie namba yako.

Fundi Makorora
Nakupigia mie sasa hivi. Itakuja namba ngeni inaishia na 4. Ni mie, pokea.

Zuu wa Visheti
Naiona inaita mama.